Kabla ya kung'arisha, uliza chuma jina lake

Mara mingi hapa tunaandika juu ya kazi, staji, konkuru na bursi. Leo naomba ruhusa niandike juu ya motoka ya zamani, na zaidi sana juu ya vile vipande vinavyong'aa inje: parishoki, bageti za ubavuni, vishikio vya milango, pete za taa. Nilisoma kemia miaka mitano, nikapata diploma, papa akachinja mbuzi. Halafu siku moja, kwa diploma yangu yote, niliharibu bageti za motoka ya papa yuleyule kwa dakika kumi na ndoo moja ya soda. Naandika ili mwingine asirudie.

Motoka yenyewe ni Volkswagen Coccinelle 1300 ya 1967. Papa alipofariki, ililala chini ya mwembe mu parseli yetu hapa Lubumbashi miaka tisa. Kila majira ya ukame ilikula vumbi jekundu, kila masika ilikula maji. Dada yetu alipochumbiwa, mama akasema neno moja: "Mtoto wangu atatoka hapa na motoka ya papa yake. Na inapashwa kung'aa." Kutembea kwa motoka ilikuwa kazi ya yaya yangu, yeye njo anajua moteri. Kung'aa ilikuwa kazi yangu. Na feza ilikuwa ileile iliyotazamiwa kulipa minervali ya mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa anaingia univerisite mwaka ule. Hilo mulikumbuke, nitalirudilia.

Nilitazama vipande vyote. Vyote vilikuwa vyeupe chini ya uchafu, vyote nikaviita "kromu". Jirani yetu ni mama anayetengeneza sabuni, ana soda ya moto, ile tunaita sude. Nikawaza: soda inakata mafuta, itakata uchafu huu pia. Nikachovya bageti. Mapovu yakapanda mingi sana, nikafurahi, nikasema uchafu unatoka. Nilipozitoa, zilikuwa na rangi ya majivu, zimekufa kabisa kama tumbo la samaki aliyekaa jua. Ilikuwa alimini. Alimini mu soda inatoa gazi ya hidrojeni, na equation yake niliiandika mu mtihani wa mwaka wa pili, nikapata alama yote.

Yaya akanipeleka komini ya Kenya, kwa mzee mmoja fundi wa kunyoosha bodi. Mzee akashika bageti, akaigeuza mgongo, akaipima mkononi.

"Wewe ulisoma?"

"Ndiyo, papa."

"Ulisoma nini?"

"Kemia."

Alicheka mpaka akakaa chini juu ya pineu. Halafu akasema: "Mwana, dawa yako haina mubaya. Ulikosa tu kuuliza chuma jina lake."

Yote ninayoandika hapa yanatoka mu sentensi ile. Finisio, maana yake ile kazi ya mwisho inayoachwa juu ya chuma, haichaguliwi kwa macho. Inachaguliwa kwa kujua chuma cha chini, na kwa kujua kama utaweza kurudi nyuma ukikosea.

1. KUNG'AA SI CHUMA KIMOJA

Juu ya motoka za miaka ya 1950 mpaka 1970 utakuta familia tano, na kwa mbali zote zinafanana.

Ya kwanza ni chuma cha kawaida chenye kromu. Parishoki za Coccinelle ni hivyo, na vifuniko vya magurudumu pia. Watu wanafikiri kromu ni koti nene. Hapana. Kromu ya mapambo ni nyembamba sana, nusu ya mikroni ao chini yake. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimetri, na unywele wa mtu una karibu mikroni 70. Kromu peke yake haiwezi kuzuia kutu, tena iko na vitundu na nyufa ambazo jicho halioni. Anayezuia kutu ni nikeli iliyo chini yake, ambayo kwa kazi nzuri ya inje inakuwa na mikroni 20 mpaka 40. Na chini ya nikeli, mara mingi, hasa parishoki ikifanywa upya, kuna shaba. Shaba ni laini, inajaza mikwaruzo na inakubali kusuguliwa. Kwa hiyo mtu wa Katanga anayejitazama uso wake mu parishoki asisahau: kioo kile kinalala juu ya shaba.

Ya pili ni zinki ya kumiminwa mu muundo. Vishikio vya milango na alama nyingi zenye maumbo magumu ni hizi, nazo zimefunikwa na kromu. Zinki inamiminwa kwa urahisi, lakini inaugua kutoka ndani. Ukiona vipele vyeupe, kama ndui, juu ya kishikio, ni zinki inaoza chini ya ngozi ya kromu.

Ya tatu ni alimini iliyoanodishwa. Hapa hawakuweka chuma kingine juu. Walitia alimini yenyewe mu asidi, wakapitisha umeme, na ngozi yake ikageuka kuwa oksidi ngumu, yenye kuona kama kioo, ya mikroni chache tu. Bageti za ubavuni za Coccinelle ni hivyo. Ngozi ile inavumilia mvua na jua miaka mingi, lakini haipatani na soda, chokaa na simenti mbichi. Ukijenga nyumba mu parseli, funika motoka.

Ya ine ni inoksi, chuma kisichoshika kutu. Hakina koti lolote: chuma cha juu na cha ndani ni kimoja. Bageti na fremu za vioo za motoka nyingi za zamani ziko za inoksi, na kuna motoka ambazo hata parishoki zao ni inoksi.

Ya tano ni shaba ya njano iliyofunikwa nikeli ao kromu. Hiyo utaikuta zaidi ku motoka za kabla ya vita ya pili: fremu za taa, vifuniko vya radiatori.

2. NAMNA YA KUULIZA JINA

Sasa vipimo. Havihitaji laboratwari.

Anza na mgongo wa kipande. Mbele kila mtu anajipamba, mgongoni ukweli unabaki. Ukiona kutu ya kahawia, ni chuma cha kawaida. Ukiona weupe uliofifia, na kipande ni chepesi kama kijiti kikavu, ni alimini. Ukiona alama za muundo na vijiti vya skurubu vilivyozaliwa pamoja na kipande, na kinalemea mkono, ni zinki. Ukiona mgongo una rangi ileile ya mbele, bila kutu, ni inoksi.

Halafu sumaku. Toa ile ya oparleri ya radio iliyokufa. Ikikamata kwa nguvu, mara mingi ni chuma chenye kromu. Isipokamata, usiseme mara moja "alimini": inaweza kuwa zinki, shaba ya njano, ao inoksi. Na kuna mtego. Inoksi ya bageti za motoka mara mingi ni aina isiyo na nikeli, na hiyo sumaku inaikamata vizuri. Watu wengi wamepeleka inoksi kupakwa kromu kwa sababu sumaku iliwaambia "chuma". Walilipa feza kufunika kitu ambacho kingeng'aa kwa kusuguliwa tu.

Halafu rangi. Weka vipande juu ya karatasi nyeupe, mu kivuli, si mu jua. Kromu ina ubuluu kidogo. Nikeli na inoksi zina joto fulani, unjano wa mbali. Alimini ina weupe wa maziwa.

Mwisho kuna kipimo ninachokipenda zaidi, ju kingeniokoa. Chukua multimetri, iweke pale inapopima kama umeme unapita. Gusa uso wa bageti na sindano zote mbili, polepole, bila kukwaruza. Alimini tupu inapitisha umeme. Alimini iliyoanodishwa haipitishi, kwa sababu ngozi yake ya oksidi ni kizuizi. Verni pia inazuia, kwa hiyo angalia kama kuna verni inayobanduka. Kipimo hiki kinachukua nusu dakika. Mimi nilikuwa na multimetri mu mfuko siku ile ya soda.

3. KILA CHUMA NA FINISIO YAKE

Ukishajua jina, machaguo yanapungua, na kupungua huko ni msaada.

Inoksi ni rahisi kuliko zote. Bonde linanyooshwa kwa nyundo ndogo kutoka mgongoni, halafu karatasi ya msasa, papyeveri, kutoka ile kali kwenda ile laini, mwisho kitambaa na dawa ya kung'arisha. Hakuna cha kupaka. Angalisho moja: usitumie majani ya chuma ya kusugulia sufuria. Yanaacha chembe ndogo za chuma cha kawaida juu ya inoksi, chembe zinashika kutu, na wewe unalalamika kwamba inoksi yako ni ya uongo.

Alimini iliyoanodishwa, kama ngozi bado nzima, usisugue na dawa kali. Maji, sabuni laini, nta, basi. Kusugua kwa nguvu kunakula ile ngozi ya mikroni chache, na kunang'aa siku mbili tu. Kama ngozi imekwisha kufa, iko njia mbili. Njia kamili: kuondoa ngozi yote ya zamani, kusugua alimini mpaka iwe kioo, halafu kuanodisha tena mu bafu ya asidi ya sulfuriki. Mutaona ajabu: njia hiyo inaanza na soda, ileile niliyotumia mimi. Tofauti ni kwamba fundi anaitumia kwa sekunde anazozihesabu, akijua kinachofuata. Njia ya pili: kusugua, kupaka nta, na kukubali kwamba kila majira utarudilia, kwa sababu alimini tupu inafifia yenyewe hewani.

Chuma chenye kromu: kama kromu bado nzima na kuna madoa madogo ya kutu tu, usikimbilie kuifanya upya. Chukua karatasi ya alimini ya kufungia chakula, ikunje, ichovye mu maji, sugua polepole. Alimini ni laini kuliko kromu, doa linatoka na kioo kinabaki. Paka nta. Kama kromu inabanduka vipande, hapo hakuna dawa ya kusugua. Machaguo ni matatu: kuipeleka ifanywe upya, kuipaka rangi, ao kununua nyingine.

Kuifanya upya ni kazi ndefu kuliko watu wanavyofikiri. Wanaondoa kromu na nikeli ya zamani, wananyoosha, wanasugua, wanaweka shaba, wanasugua tena, wanaweka nikeli, mwisho kromu ya dakika chache. Kazi kubwa ni kusugua, bafu inakuja baadaye. Kromu haifichi kitu: kila shimo la chini litaonekana juu, limeng'aa. Na ukinunua parishoki mpya ya bei ndogo sana, uliza nikeli ni mikroni ngapi. Muuzaji asipojua, mvua itakujibu.

Kuipaka rangi kunahitaji adabu pia. Rangi haishiki juu ya kromu yenye kuteleza. Sugua mpaka mipaka ya kromu iliyobanduka isisikike chini ya kidole, ondoa kutu yote, paka primeri ya epoksi, halafu rangi. Zile rangi za chupa zilizoandikwa "kromu", kwa maoni yangu, ziachwe: siku ya kwanza zinafanana na kioo, ukizigusa ao ukizipaka verni zinakuwa kama sufuria ya zamani.

Zinki njo ngumu kuliko zote. Shimo la kuoza linashuka chini, ukisugua kulifikia unapoteza umbo la kipande. Asidi inayoondoa kromu inakula na zinki yenyewe. Na shaba ya kwanza juu ya zinki kwa kawaida inawekwa mu bafu ya sianidi, sumu kali. Kazi hii si ya parseli. Kama vipele ni vichache, osha, kausha, paka nta, ishi navyo. Kama ni vingi, tafuta kishikio kingine.

Na neno moja juu ya kufunga. Vyuma viwili tofauti vikigusana na maji katikati vinatengeneza batri ndogo, na mmoja analiwa. Bageti ya alimini ikishikwa na klipu ya chuma yenye kutu, alimini njo italiwa. Weka klipu safi, weka grisi ao nta nyuma, na funga vitundu vya bodi vizuri ili maji yasiingie ndani.

4. "ORIJINALI" NI YA LINI?

Yaya alikuwa na hoja moja: "Tuirudishe vile ilikuwa orijinali." Hoja nzuri. Lakini orijinali ni ya lini?

Kung'aa kwa motoka kumebadilika pamoja na wakati. Motoka za mwanzo za karne ya 20 zilivaa shaba ya njano. Ford T ilikuwa na radiatori ya shaba ya njano, na ku modeli ya 1917 ikaivua, ikavaa rangi nyeusi. Halafu nikeli ilitawala, nzuri lakini inafifia na inataka kusuguliwa kila mara. Kromu iliingia kwa nguvu kutoka kati ya miaka ya 1920, kwa sababu haifiifii. Vita ya Korea ilipoanza 1950, nikeli ilienda kwanza ku kazi ya jeshi, na motoka nyingi za Marekani za 1951 na 1952 zikatoka na kromu maskini, isiyo na nikeli ya kutosha chini. Mtu anayerudisha motoka ya miaka ile na kromu bora kabisa anaifanya iwe nzuri kuliko ilivyotoka kiwandani. Anayo haki, lakini asiseme "orijinali".

Na Coccinelle yenyewe? Modeli ya Export, yenye kromu, ilikuja 1949. Pembeni yake kiwanda kiliendelea kuuza modeli ya Standard, ya watu wa feza kidogo, ambayo parishoki na vifuniko vya magurudumu vilipakwa rangi tu. Motoka ileile, injini nyuma vilevile, bila kromu. Hii nilipoisoma ilinifungua macho. Parishoki ya rangi haikuwa aibu ya maskini iliyobuniwa mu kartye yetu. Ilitoka kiwandani.

5. BEI AMBAYO HAIANDIKWI KU FAKTIRE

Kabla ya kuamua tulienda kutazama mahali fulani wanapofanya kromu mu parseli. Sitasema wapi. Niliona pipa la maji yenye rangi nyekundu ya machungwa, vijana wawili bila maski, mmoja amevaa sandali. Maji ya kusafishia yalienda moja kwa moja mu mufereji. Yule mdogo alikuwa na damu kavu chini ya pua. Nikamwuliza, akajibu: "Iko baridi ya asubuhi tu, yaya."

Haikuwa baridi. Hapa diploma yangu kwa mara ya kwanza ilisaidia. Bafu ya kawaida ya kromu ni asidi ya kromu, ambamo kromu iko mu hali ya kemia tunayoiita sita. Umeme ukipita, mapovu yanapanda na kubeba matone madogo sana hewani. Matone yale yanachoma ngozi, yanakula ukuta wa katikati ya pua mpaka unatoboka, na kwa miaka yanaleta kansa ya mapafu. Shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, lenye makao Lyon, Ufaransa, linaweka kromu sita mu kundi la 1, kundi la vitu ambavyo imehakikishwa vinaleta kansa kwa watu. Ku Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2017, kiwanda hakiwezi kutumia asidi ile bila ruhusa maalum.

Tusichanganye mambo: parishoki iliyokwisha kufanywa haina sumu, kromu ya juu yake imekuwa chuma, unaweza kuigusa na kuifuta. Hatari iko ku bafu, ku mvuke, ku maji ya kutupa. Iko pia aina nyingine ya bafu, ya kromu tatu, yenye hatari ndogo zaidi, ambayo inatoa rangi yenye giza kidogo. Kwa hiyo mwenye uwezo wa kufanya kromu upya aulize maswali mawili: bafu yenu ni ya aina gani, na maji yake yanaenda wapi? Karakana nzuri haitachukia maswali hayo.

Mimi nilitoka pale nikiwaza juu ya pua ya yule mtoto. Alikuwa na umri wa mdogo wetu, yule wa minervali.

6. TULICHOCHAGUA

Tulikaa usiku mmoja, yaya, mama na mimi, na karatasi. Kila kipande tuliandika jina la chuma, ugonjwa wake, na swali moja: tukikosea hapa, tutaweza kurudi?

Kusugua zinki mpaka shimo liishe: hakuna kurudi. Kutoa kromu yote ya parishoki halafu kukosa feza ya nikeli: parishoki inabaki uchi, inashika kutu, hakuna kurudi kwa urahisi. Kupaka rangi: unarudi wakati wowote, kwa sababu siku utakapopata feza ya kromu, rangi na kromu ya zamani vyote vingeondolewa tu.

Kwa hiyo parishoki mbili tulizisugua, tukazipaka primeri na rangi ya pembe, kama zile za Standard. Vifuniko vya magurudumu vilikuwa na madoa tu: karatasi ya alimini, maji, nta, vikang'aa. Vishikio vya milango tuliviacha na vipele vyao, safi, na nta. Pete za taa zilisafishwa. Bageti zangu za majivu nilizisugua mwenyewe, jioni kumi na mbili, papyeveri kali, ya kati, laini, halafu dawa na kitambaa cha pamba. Hazikurudia kuwa kama zilivyokuwa. Zina weupe laini, na kila mwaka mvua ikikatika ninazisugua tena. Ni adabu yangu.

Minervali ililipwa.

Mama alipoona parishoki mara ya kwanza hakufurahi. Alisimama, akaweka mikono ku kiuno: "Muliipaka rangi sawa kitanda ya hospitali?" Yaya akanitazama mimi, msomi wa familia. Nikamweleza mama kila kitu: nikeli, mikroni, Standard ya 1949, pua ya yule mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza swali moja tu, nalo lilikuwa bora kuliko maswali yote ya jury yangu ya mémoire: "Kromu ya papa yenu bado iko chini?"

"Ile ambayo haijabanduka, iko, mama."

"Basi sawa."

Harusi ilikuwa Julai, jua kali, vumbi. Dada alitoka na Coccinelle. Ilizimika mara moja tu njiani, na hiyo si kazi yangu.

Kwa wenye motoka ya zamani mu parseli kwao, nafupisha. Geuza kipande, tazama mgongo. Leta sumaku, lakini usiiamini peke yake. Leta multimetri kwa bageti nyeupe na nyepesi. Andika jina la kila chuma juu ya karatasi kabla ya kufungua dawa yoyote. Ukiwa na machaguo mawili na hujui lipi, chukua lile unaloweza kuliondoa kesho. Na usipeleke kipande mahali ambapo mtoto wa watu analipa kung'aa kwako kwa mapafu yake.

Mdogo wetu sasa yuko mwaka wa tatu. Alichagua kemia. Juzi alikuja kuniomba ndoo, alitaka kuosha kitu fulani cha zamani alichokipata. Kabla sijafungua mdomo akacheka, akaonyesha mkono wa pili: alikuwa ameshika sumaku.